Pindo la Rutana

Daftari lilisafiri kuliko sisi wenyewe. Sisi wakimbizi, kutoka nje ya makazi ilikuwa mpaka kibali. Daftari halikuomba kibali kwa mtu. Lilipanda treni hapa Katumba, likashushwa Kaliua, likafika Ulyankulu kwa mwalimu Thadei. Likirudi linapanda lori la tumbaku kwenda Mishamo. Lilikuwa kaunta buku, limefungwa kwenye mfuko wa nailoni.

Tulikuwa watu tisa, na wengi hatujawahi kuonana sura. Kazi yetu ilikuwa moja tu, mavazi ya zamani ya kwetu Burundi, ya kabla watu hawajakimbia. Unachora nguo, unabana kipande cha kitambaa kwa pini, unauliza swali, unapeleka mbele. Wenzako wanajibu, wanabisha, wanatukanana kidogo. Likikurudia miezi imepita, unakaa barazani unasoma kama barua ya mchumba. Thadei ndiye alilianzisha, na alikuwa na sheria moja: chini ya kila picha andika nani aliyeiona nguo hiyo kwa macho yake.

Mimi ni fundi cherehani, shule niliishia la tano, lakini kwa kubisha nilikuwa wa kwanza. Kuna jamaa alichora mwanamke wa enzi za wafalme, mgongoni kamwekea zipu. Nikamwandikia, "Zipu ya mwaka gani hiyo, we mwehu?" Wote walicheka mpaka Thadei.

Heshima yangu yote ilitoka kwa bibi yangu Prisila. Wenzangu wazee wao walishakufa au walikuwa wadogo kule. Bibi alivuka mpaka mwaka wa sabini na mbili, tayari ni mtu mzima, katoka Rutana, ana akili zake zote. Tatizo bibi hasemi. Ukimuuliza mlivaa nini anakujibu, "Nguo." Ukirudia anakutuma maji. Hilo sikuliandika kwenye daftari. Wao walijua nina bibi, basi.

Mwaka tisini na tano likaja swali la dada mmoja wa Mishamo, Emelyne. Mwandiko mzuri, wa kunyooka. "Mama yangu alikufa njiani tukikimbia, mimi nikiwa mtoto wa mgongoni. Sina picha yake. Baba akiulizwa anatoka nje. Alikuwa wa Rutana. Wanawake wa Rutana walivaaje? Nataka nishone nivae, nijue alionekanaje."

Chini yake wenzangu wote waliandika kitu kimoja: Anicet atajibu, ana bibi.

Nikaenda kwa bibi. Alikuwa anachambua maharage.

"Bibi, kuna mtoto wa watu anataka kujua mama yake alivaa nini."

"Mama yake yuko wapi?"

"Alikufa kwenye kukimbia."

Akaendelea na maharage. "Basi alivaa alichokufa nacho. Niache, Anicet."

Lori lilikuwa linaondoka kesho yake asubuhi. Ningeandika bibi kakataa, yangeisha. Lakini ningeonekana mtu wa bure kama wa zipu. Nikakaa kwenye cherehani nikachora. Fundo bega la kushoto, nguo inashuka mpaka chini, na kwenye pindo mstari wa pembetatu za buluu. Hizo pembetatu nilizitoa kwenye mapambo ya kopo la biskuti ninamowekea nyuzi, lilikuwa hapo karibu na kiwiko changu. Chini nikaandika: Ameona bibi yangu Prisila, Rutana.

Sikuwa na ubaya na mtu. Nilitaka tu nisishindwe.

Daftari liliporudi lilikuwa na picha ya kamera imegandishwa kwa uji wa muhogo. Emelyne kasimama mbele ya nyumba ya tope, kaivaa ile nguo. Kila pembetatu kaikata mwenyewe, kashona kwa mkono. Kaandika, "Baba ameniangalia muda mrefu sana. Amesema: ndiye. Ni mara ya kwanza namwona mama." Ukurasa unaofuata Thadei kaweka kichwa cha habari kwa kalamu nyekundu, PINDO LA RUTANA, na kwaya ya Ulyankulu walikuwa wameshashona sare.

Siku ile ndiyo nilitakiwa kusema. Mdomo unaojua kutukana watu wa zipu ukagoma. Nikaandika, "Hongera dada, umepatia."

Baadaye ikaja barua ya Emelyne, siyo daftari. Baba yake, mzee Arcade, amefariki. Matanga yameisha, yeye amepata kibali cha siku tatu, anakuja Katumba kumwona bibi Prisila. Labda bibi alimfahamu mama yake.

Nilikimbia kwa bibi nikamweleza yote, mpaka kopo la biskuti. Nikamwomba aseme ndiyo, tuliivaa. Neno moja tu.

"Unataka nimdanganye yatima nyumbani kwangu?"

"Alishadanganyika, bibi. Ukisema hapana ndiyo utamuumiza."

"Nani alimuumiza?"

Nikainuka nitoke.

"Utamwambia wewe," bibi akasema. "Akishakula."

Emelyne alifika saa nne asubuhi, vumbi mpaka kwenye kope, na ile nguo kaivaa. Alikuwa mrefu kuliko nilivyodhani. Alipomwona bibi alipiga magoti, akamshika mikono yote miwili. Mimi alinigeukia baadaye akacheka, "Ndiye huyu mbishi wetu? Mbona mdogo hivi? Kwenye daftari nilidhani una ndevu."

"Zitaota, dada."

"Fanya haraka basi."

Tulikula ugali na maharage. Bibi alikuwa ananiangalia. Nikafungua mdomo, lakini Emelyne akawahi.

"Bibi, huyu mjukuu wako ameniokoa. Baba alipokufa nilifungua sanduku lake. Chini kabisa kulikuwa na kitu kimekunjwa kwenye karatasi. Ningekuwa sijaiona ile picha ya Anicet, ningesema hiki ndicho cha mama, nikakitunza bure maisha yangu yote. Nikakikunjua, nikatafuta pindo, hamna. Hamna hata alama ya pindo. Nikajua si chenyewe."

Bibi aliweka tonge chini. "Kilikuwaje?"

"Kigumu kidogo. Rangi ya udongo, kama ngozi lakini si ngozi. Kimeshonwa kwa kamba ya mmea. Kina harufu ya moshi."

"Kikubwa?"

"Kama khanga, kipande kimoja. Kwenye pembe mbili kimekunjamana, kama kilifungwa fundo miaka mingi."

Bibi akaanza kutikisa kichwa taratibu. "Pembe mbili," akasema. "Moja inapita huku, moja inapita huku." Alipitisha kidole juu ya bega, kingine chini ya kwapa, akavikutanisha kifuani. "Ni impuzu, mwana wanje, mwanangu. Nguo ya gome la mti. Mlimani kwetu mtoto alibebwa na hiyo. Mama yako alipoanguka, baba yako alikufungua mgongoni kwa marehemu akakufunga mgongoni kwake. Angekubeba na nini kingine? Kiko wapi?"

Emelyne alikuwa anaangalia kile kifua cha bibi, pale vidole vilipokutana.

"Kiko wapi, mama?" bibi akarudia.

"Wageni wa matanga walikuwa wengi," akasema. "Kuni zilikuwa mbichi. Nilikiwashia moto wa chai." Akafuta vidole kwenye mkeka. "Kiliwaka haraka sana."

Kuku waliingia wakaanza kudonoa sahani yangu, hakuna aliyewafukuza. Kisha Emelyne akashika pindo la nguo yake, akalinyanyua kidogo, akanigeukia.

"Na hii?"

"Niliitoa kwenye kopo la biskuti," nikasema.

Nilifikiri atanipiga. Ningeshukuru.

"Baba alisema ndiye."

"Labda alikuhurumia."

"Anicet!" bibi akafoka.

"Mwache," Emelyne akasema. "Ni kweli. Baba alikuwa haoni vizuri. Alitaka nisilie tena." Akalala ubavu pale kwenye mkeka, kichwa kwenye miguu ya bibi, mtu mzima vile, na bibi akamshika mgongo. Nilitaka kusema samahani. Nilipoanza tu akasema bila kufumbua macho, "Kaka, leo usiongee."

Kibali chake kilikuwa cha siku tatu, akaondoka siku ya pili. Aliivaa nguo ileile, hakuja na nyingine. Nilimpandishia mfuko kwenye lori, akaupokea, akamuaga bibi tu.

Daftari liliponifikia tena niliandika yote yalivyokuwa, kopo na gome na moto, nikalituma. Halijarudi mpaka leo. Thadei hakujibu barua zangu.

Siku ile lori lilipoondoka na Emelyne, mama Pelagia, jirani, alikuja barazani na kitambaa kipya mkononi.

"Fundi, nishonee kama ile ya mgeni. Yenye mapembe ya buluu chini."

"Sishoni hiyo."

"Kwa nini?"

"Si ya zamani, mama. Niliitunga mimi."

"Nani kakuuliza uzamani? Nimesema ni nzuri." Akasonya, akakunja kitambaa chake. "Fundi gani wewe unakimbia kazi?"

Akaenda kwa fundi mwingine. Jumapili iliyofuata nilihesabu nguo tatu za pindo lile kanisani.