Sufi kwenye Dashibodi

Mwanangu Ashraf alinunua gari iliyopata ajali huko ng'ambo ilikotoka, hizi zinazokwenda kwa petroli na betri, kimya kama paka. Akaitengeneza mwenyewe uani kwetu Mtambile, kwa kutazama simu. Miezi mitatu sina pa kuanika nguo. Nikanyamaza, maana mkewe Asya ana mimba ya miezi minane, nikajua gari itampeleka hospitali ya Chake Chake.

Jumatatu asubuhi ikawa safari ya kwanza. Asya kishakaa mbele, buibui kalikusanya mapajani. Ashraf anacheka peke yake.

"Mama, tazama! Taa nyekundu ya mifuko ya hewa imezima. Gari nzima sasa."

Nikainama dirishani kumpa Asya chupa ya maji, mkono nikauegemeza kwenye dashibodi, pale panapokaa ule mfuko wa kufutuka gari ikigongwa. Pakabonyea. Plastiki gani inabonyea kama mto? Nikatia kucha kwenye ufa, kifuniko kikang'oka. Ndani mna sufi. Sufi ya mto wangu, ule alionambia umeliwa na panya!

"Ashraf, mfuko uko wapi?"

"Ulifutuka kwenye ile ajali, mama. Mpya sijaupata Pemba hii."

"Na taa imezimaje?"

Hakuona haya, akanionesha. Kwenye waya za manjano kafunga kidude kama punje ya mtama.

"Kompyuta ya gari ikiuita mfuko, hiki kinaitika labeka. Inaridhika, inazima taa. Mafundi wengi wanafanya hivi."

"Labeka! Na siku mkeo akirushwa uso mbele, ataitika nani? Sufi?"

"Ntakwenda polepole, mama."

"Na lori linalokuja mbele yako, nalo umeliambia liende polepole? Weye fundi au mlaghai? Taa ilikuwa inakwambia kweli, ukaiziba mdomo!"

Asya akafungua mlango, akashuka, mkono mmoja tumboni.

"Rudi, mke wangu, usinitie aibu," Ashraf akasema.

"Ulijua, na ukaniweka hapa?"

Mie na Asya tukaenda barabarani, tukapanda gari ya abiria.

Tangu siku hiyo Ashraf hasemi nami. Kabandika karatasi kiooni: INAUZWA, HAINA TATIZO. Nikaichana, akabandika nyingine. Nyie mnaonunua gari hizi, msiridhike na taa iliyozima. Muulizeni fundi kaizima vipi.

Jana kaja bwana mmoja kutoka Pujini na binti zake wawili wadogo, washapanda nyuma kabla baba yao hajauliza neno. Nikamwita kabla Ashraf hajatoka chooni.

"Njoo, baba. Bonyeza hapa."

Akabonyeza. Akanitazama. Akawashusha watoto wake mmoja mmoja.

"Mama, unanikosesha mteja!" Ashraf akapiga kelele.

Ndiyo, namkosesha. Na akija mwengine kesho, nitamwita vilevile.