Sikio Lisilokunjwa

...kwa sababu nati haijifungui yenyewe, alijiambia, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, tairi la mbele la kushoto la gari la baba limelala pembeni yake na ekseli imepumzishwa juu ya magogo mawili kama mgonjwa aliyepandishwa kitandani, nati ni chuma, haina haraka ya kwenda popote, mtu huikaza na mtu huilegeza, basi hii imezungukaje kwa kidole kimoja, bila spana, bila hata kukunja uso, kama kizibo cha chupa ya dawa ya kikohozi, na vizibo yeye anavijua, ana miaka kumi nyuma ya kaunta ya duka la dawa... akairudisha nati mahali pake, akaizungusha tena, ikaja tena, laini, akacheka kidogo puani maana lilikuwa jambo la ajabu, na mambo ya ajabu humvuta hata pale asipopenda... "Nasema pampu," baba alikuwa akisema barazani, kwenye simu, kwa sauti ya mtu anayeamini kwamba aliye mbali lazima apigiwe kelele, "pampu ya maji, inakohoa, ndiyo, inakohoa halafu inanyamaza," na aliyekuwa upande wa pili wa simu ni mdogo wake yeye, Bisibisi, jina alilopewa na baba mwenyewe alipokuwa na miaka sita kwa kutembea na bisibisi mfukoni hata siku ya kwenda kupiga picha ya familia, jina ambalo baba aliliacha ghafla miaka kumi na minne iliyopita, baada ya ile ajali ya mtaroni, akaanza kumwita kwa jina la kwenye cheti cha kuzaliwa, kana kwamba ndiyo kwanza wametambulishwa... lakini hii nati, arudi kwenye nati, akili isimtoroke, hapa kuna nati mbili, moja ndani na moja nje, na katikati yake kisahani chembamba cha chuma chenye masikio, sikio moja hukunjwa likalalia nati ya ndani, jingine likalalia ya nje, kwa patasi na nyundo, ngo, ngo, na hapo nati zikatulia hata gari lipite juu ya mawe mwaka mzima, Bisibisi ndiye aliyemfundisha hayo, yeye mwanafunzi wa kemia na mdogo wake wa miaka kumi na minane aliyekuwa fundi kwa kuzaliwa, "ukisahau vyote, dada, hilo usisahau," alisema, wakagawana kazi, kulia yake, kushoto ya dada, wakitazamana chini ya tumbo la gari kama watu walioketi pande mbili za meza... na Jumapili iliyopita alipofungua upande wa kulia, upande wa mdogo wake, upande ambao ukoo mzima uliuhukumu, alikuwa na tochi mdomoni na alikuwa anatafuta kosa kama mtu anayetafuta chawa, maana watu aliwaambia kwamba anataka gari litembee tena, amenunua beringi mpya, mipira mipya ya kuzuia oili, makopo mawili ya grisi, na hayo yote ni kweli, lakini ukimbana atakwambia kwamba alichotaka hasa ni kuona kwa macho yake pale kijana alipokosea, alisahau nini, aliweka nini kinyume, lilikuwa swali tu, kama jino linalochezacheza ambalo ulimi hauachi kuligusa, na alichokikuta kulia ni masikio mawili yamekunjwa, moja ndani moja nje, yamelala juu ya nati kama kola iliyopigwa pasi, ilimchukua nusu saa kuyainua kwa patasi, na ndani grisi bado laini, beringi zinang'aa, hakuna kosa, hakuna hata alama ya kucha, na wiki nzima dukani alikuwa akiwapa watu dawa huku kichwa kiko uani, hadi mwenzake akamuuliza, "Mama Soma-Tena, leo husomi tena?" maana ndilo jina lake pale, kwa vile lebo ya dawa huisoma mara tatu kabla ya kuikabidhi, tabia ambayo hajui ameianza lini... anajua, hajui... akaitoa nati ya nje kabisa, akaiweka juu ya gazeti, kisha akakivuta kile kisahani kwa ncha ya ukucha, kikaja bila ubishi, akakifuta kwa kitambaa, akakigeuza juani, na masikio yalikuwa yamesimama wima yote, hakuna hata moja lililokunjwa, hakuna alama ya patasi, kipya kama siku kilipotoka kwenye karatasi yake, kimekaa humo miaka kumi na minne bila kufanya kazi yake hata siku moja... subiri kwanza, alijiambia, soma tena, huenda masikio yalikunjwa yakajinyoosha, lakini chuma kikikunjwa huacha mstari, alijua hilo, akakisogeza karibu na jicho, hakuna mstari, akakipitisha kwenye mdomo wa chini ambao huhisi kuliko kidole, hakuna, na nyuma yake nati ya ndani nayo ilikuwa legelege, na nyuma yake beringi, alipoivuta ilitoka na vumbi jekundu, rangi ya buluu ile ya chuma kilichoungua, grisi imegeuka kama masizi ya sufuria, naye akashangaa kwanza jinsi ilivyopendeza, buluu inayoingia zambarau inayoingia rangi ya majani makavu, akashangaa kwa utulivu kabisa, kama vile ni kazi ya mtu mwingine... "Jino la mbele? La juu au la chini?" baba anauliza, sasa wamefika kwa mjukuu, "mwambie babu yake anasema asilitupe ovyo, anionyeshe kwanza," na baba akacheka, na kicheko chake kilimfikia uani kimechelewa kidogo, naye alikuwa amekwenda mbali, alikuwa kwenye asubuhi ile, nati ya ndani imekaa sawa, ameshika kisahani, amekiweka, nati ya nje juu yake, anahitaji patasi, patasi iko upande wa pili kwa mdogo wake, anasikia ngo, ngo, anasema moyoni akimaliza nitaichukua, na hapo jirani anapita ukutani anasema, "Matokeo yamebandikwa," matokeo ya mtihani wa kuingia chuo cha ufamasia, na yeye anainuka na grisi mikononi, anakimbia, anakumbuka alikimbia na ndala moja imekatika, jina lake likiwa la nne kutoka juu, la nne, aliligusa kwa kidole akaliachia doa jeusi, na aliporudi nyumba nzima ilikuwa inacheka, soda zimenunuliwa, na yeye kwa furaha ile akaenda kufunika kifuniko cha tairi lake, bolti sita, akiimba, na mdogo wake akainua kichwa upande wa pili wa boneti, "Umekunja masikio?" na yeye akasema, "Nimekunja," hivyohivyo, bila kusimama, kama mtu anavyosema nzuri akiulizwa habari za asubuhi, hakudanganya, aliamini, au hakuwa na nafasi ya kuamini wala kutoamini, je, hilo nalo lina jina... na wiki tatu baadaye baba akaingia mtaroni na gari, mtaro wa upande wa kulia wa barabara, nyonga ikavunjika, na watu waliosimama pale waliona gari limelalia upande wa kulia, tairi la kulia limepinda, na baba mdogo, ambaye hajawahi kufungua hata betri ya redio, akauliza kwenye kikao cha ukoo, mbele ya watu wote, "Tairi la kulia alifunga nani?" na yeye akajibu, "Kulia alifunga yeye," maneno matatu, ya kweli yote, angeweza kuyalia kiapo, na kuanzia siku hiyo hakuna aliyempa Bisibisi spana tena, hata ya baiskeli, gari likafunikwa turubai, na kijana aliyekuwa akisikia injini ikipita barabarani akakwambia silinda gani inakosa moto sasa anapima madirisha ya watu na kukata mapazia, futi ya kitambaa shingoni, na ni mapazia mazuri, yamenyooka, hata kwake yapo... lakini mtaro ulikuwa kulia, akajishika hapo, mtu anayezama hushika chochote, kama beringi ya kushoto ndiyo iliyoungua na tairi la kushoto ndilo lililong'ang'ania, gari lingevuta kushoto, na kushoto palikuwa na uwanja mtupu, nyasi, baba angeingia kwenye nyasi akatoka anatukana, sasa gari lilifikaje kulia, hapa hesabu inagoma, na udadisi ukamwinua kutoka kwenye ndoo kabla hofu haijapata nafasi, akasema kwa sauti, kisahani bado kiganjani, "Baba, siku ile ya ajali, gari lilivuta upande gani?" "Siku ipi?" "Ya mtaroni." "Hebu subiri kidogo," baba akaiambia simu, "dada yako ananiuliza mambo ya kale," kisha akamgeukia, miguu imenyooshwa, mkongojo umeegemea kiti, "Kushoto. Lilivuta kushoto kama ng'ombe aliyeona maji, nami nikaukata usukani kulia kwa nguvu zangu zote, ndipo nikajikuta mtaroni. Kwani nani hajui hilo?" "Hukuwahi kusema." "Hakuna aliyeniuliza," baba akasema, bila uchungu, kama mtu anayetaja saa, "nilipozinduka mlikuwa mmeshamaliza kikao," na akarudi kwenye simu yake, na yeye akarudi kwenye ndoo yake, akakaa... kushoto, basi ni kushoto, ni upande wake, ni sikio ambalo halikukunjwa kwa sababu jina lilikuwa la nne kutoka juu, na cha ajabu moyo haukumwenda mbio, ulikuwa unakwenda polepole na kwa nguvu, kama mtu anayepanda ngazi na mzigo, na kilichomjia mbele haikuwa nyonga ya baba, ilikuwa benchi la hospitali, korido ndefu iliyonuka sabuni ya sakafu, yeye na Bisibisi wamekaa, siku ya pili, kabla ya baba mdogo na kikao chake, na mdogo wake akamgeukia, macho yamevimba kwa kukosa usingizi, akasema, "Dada..." halafu akamtazama, na yeye mkononi alikuwa na bahasha ya chuo, ile barua ya kukubaliwa aliyoibeba kila mahali wiki zile kama mtoto mchanga, na mdogo wake akaitazama bahasha, akasema, "Basi," akainamisha kichwa, na miaka yote hii yeye alilihesabu lile neno basi kama la mtu aliyetaka kukiri akashindwa, alilisimulia hivyo hata kwa mumewe, ilhali barabarani siku ile Bisibisi ndiye aliyekuwa wa kwanza kufika, ndiye aliyezunguka gari, na mtu mwenye macho yale ya chuma angeona tairi la kushoto linavyolegea, angegusa kitovu cha tairi akakikuta cha moto, angejua mara moja, bila kufungua hata bolti... sasa alijua tangu pale, au alihisi tu, na kama alijua, alikaa vipi kwenye kikao kile, mikono kati ya magoti, akisikia kulia alifunga yeye, na asitikisike, alikuwa anapima nini moyoni, bahasha upande mmoja na bisibisi upande mwingine, ni nani aliyempa mizani hiyo kijana wa miaka kumi na minane, na yeye alidhani anamjua ndugu yake kama anavyokijua chumba alichozaliwa ndani yake, kumbe humo mlikuwa na mlango... "Haloo," baba anasema, "haloo, uko hapo? haloo," anaitoa simu sikioni, anaitazama, anairudisha, "mtandao huu jamani, ukimya tu, haloo," na uani jua liko palepale ukutani, grisi imempanda hadi viwiko, kisahani kimeacha duara kiganjani kwa jinsi alivyokibana, naye akasikia ule ukimya wa simu kana kwamba umewekwa sikioni mwake, maana swali lake kuhusu upande gani gari lilivuta lilisikika kote, barazani, na kwenye simu vilevile... "Ahaa, upo," baba akasema, "nilidhani umekatika," akasikiliza, akakunja uso, akainua shingo kutazama uani, "Anauliza kama uko sawa," akasema, "kwani umeumia?" na yeye akaangalia mikono yake, "Mwambie asikate, baba," akasema, "shikilia hiyo simu, nanawa mikono."