Rekodi Mia Tatu za Kelele

Kiwandani kwetu wananiita Sikio. Ni jina la utani lililogeuka cheo, na nimelivaa miaka ishirini. Mashine ikianza kuringa, utasikia, "Mwiteni Sikio." Naja na bisibisi yangu ndefu, naweka ncha kwenye chuma na mpini sikioni, nakunja uso kidogo ili watu wajue kazi inafanyika, halafu natoa hukumu: beringi imekwisha, mkanda umelegea, giaboksi imekauka grisi. Wanafungua na kukuta nilichosema. Sabuni ya mji mzima imepita mbele yangu, nami sijivuni, nasema ilivyokuwa.

Sasa niseme lile ambalo kwa miaka miwili sikumwambia mtu. Sikio lilikufa. La kushoto lilitangulia, la kulia likafuata polepole. Sauti nene nazipata. Zile nyembamba, ambazo ndizo zinazotaja ugonjwa wa mashine, zilikwenda zao bila kuaga. Bisibisi niliendelea kuishika kwa ajili ya watazamaji tu. Kazi yenyewe niliifanya kwa kiganja cha mkono wa kushoto, nilichokilaza kwenye chuma kama mtu anayeegemea. Kiganja kinasoma joto na mtetemo, na kwa fundi aliyekula chumvi kama mimi hayo yalitosha. Watu walitazama bisibisi, mkono hawakuuona.

Mtaniuliza kwa nini sikusema. Niliona yaliyompata mwenzangu wa mashine ya kukata. Daktari wa kampuni alimpima, akaandika kwamba hasikii vizuri, na kanuni ya usalama haina mjadala: asiyesikia king'ora hakai penye mashine. Wakampeleka stoo kupanga maboksi. Mtu aliyekuwa akitembea kifua mbele akaanza kupita kandokando ya ukuta. Mimi nilikuwa nimebakiza miaka mitatu nistaafu, nikaapa kwamba maboksi sitayapanga.

Ndipo akaja mhandisi na vidude vyake.

Kwanza meneja alituita akatueleza kwamba biashara imegeuka. Zamani tulikata sabuni, tukaijaza ghalani, ikakaa inasubiri mnunuzi. Siku hizi mwenye duka anabonyeza simu, oda inaingia kiwandani saa ileile, na sabuni atakayoipokea kesho ndiyo tunayoikata leo. "Hatuuzi sabuni tu," akasema, "tunauza na ahadi." Nilimwona anajisikia, lakini alikuwa anasema kweli, maana mke wangu ana duka dogo katika chumba cha mbele cha nyumba yetu, naye ni mmoja wa hao wanaobonyeza. Mashine ikilala kwa saa tatu kazini, jioni napokelewa mlangoni: "Baba Pacha, sabuni yangu iko wapi?" Mapacha wenyewe wana familia zao siku hizi, jina ndilo limetubakia.

Huyo mhandisi alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, mpole, hana makuu. Alibandika kwenye kila mashine kidude kidogo kama kizibo cha chupa, cha kusikiliza usiku na mchana na kupeleka sauti kwenye kompyuta yake.

"Shikamoo, mzee," akaniambia.

"Marahaba. Umeleta vya kunifukuza kazi?"

"Hivi vinasikia kila kitu, mzee, ila havijui chochote. Vinasikia mashine inalia, havijui inalilia nini. Anayejua ni wewe."

Nikajua napakwa mafuta, lakini maneno yalikuwa matamu. Akanipa tableti yenye rekodi mia tatu za kelele za mashine zetu. Nivae vipokea sauti, nisikilize moja moja, niseme kila kelele ni ugonjwa gani, ili kompyuta ijifunze. Akanipa wiki mbili. "Kuandika kukikuchosha, bonyeza hapa useme kwa mdomo," akasema. Nikaitikia kama mtu mwenye masikio yake mawili.

Nilikwenda nyumbani nimeibana tableti kwapani. Kwenye mashine naweza kudanganya, naishika. Rekodi haina mahali pa kushika.

Jumapili mchana nilikaa nyuma ya kaunta ya duka, vipokea sauti masikioni, tableti nimeilaza juu ya kiganja nikitumaini itatetemeka. Haikutetemeka. Mke wangu alikuwa anapima sukari, akaacha.

"Unafanya nini na hicho kitu, unakipapasa kama embe?"

"Kazi ya ofisi," nikasema. "Endelea na sukari yako."

Hakuendelea. Alinivua kipokea sauti kimoja, akakiweka kwenye sikio lake, akasikiliza ameinamisha kichwa.

"Huyu anakohoa," akasema.

"Nani?"

"Huyu humu ndani. Anakohoa kama mtu aliyemeza vumbi la unga, halafu anajikaza, halafu anakohoa tena."

Nikasimama. Ile ni pampu inayovuta hewa. Angeniambia kwa maneno ya chuo nisingeielewa vizuri kuliko hivyo.

"Wewe huisikii?" akaniuliza.

"Tableti mbovu hii."

Akanitazama sana. "Baba Pacha. Mwaka wa pili huu nakuita mara tatu ndiyo unageuka. Mwanzoni nilidhani umenichoka."

"Mbona hukuniuliza?"

"Niliuliza. Hukusikia."

Niliona aibu, na aibu ikinishika mimi hugeuka hasira, nikamwambia tableti na duka vyote vimenichosha. Akaniacha nipige kelele mpaka nikaishiwa. Kisha akavuta kigoda akakaa kando yangu. "Haya," akasema, "lete wa pili."

Tulifanya hivyo wiki mbili, kila alasiri nikitoka kazini. Yeye anasikiliza na kunieleza: huyu ananung'unika, huyu anapiga mluzi akifika juu, huyu ana kwikwi. Mimi nasema, "Rudia." Anarudia, nafumba macho nione mashine yenyewe, nataja ugonjwa. Katikati mtu anagonga kaunta anataka kiberiti, anauziwa, tunaendelea. Kidole gumba changu ni kinene, na kile kitufe cha kusemea nilikuwa nakikandamiza tangu mwanzo mpaka mwisho. Sikujali. Nilijua kidude kinageuza maneno kuwa maandishi, basi, yameisha. Na niseme ukweli, tangu mapacha waondoke sikuwa nimekaa na mke wangu kiasi hicho. Rekodi zilipoisha nilisikitika.

Miezi minne ikapita na mambo yakanyooka. Simu za mafundi zilipata ujumbe saa kadhaa kabla mashine haijaharibika, tunaiwahi, oda zinatoka. Meneja alinisifu mbele za watu kwamba masikio ya Sikio sasa yako kwenye kila mashine. Nikatabasamu, moyoni nikajiona mwizi.

Asubuhi moja ya Jumatatu simu ikatetemeka mfukoni. Nikasoma: "Pampu namba mbili. Anakohoa kama mtu aliyemeza vumbi la unga, halafu anajikaza. Inavuta hewa. Ikaguliwe kabla ya saa sita."

Nikausoma tena. Fundi mwenzangu akacheka akasema afadhali huu mtindo mpya wa ujumbe, anauelewa haraka kuliko zile namba za mwanzo. Mimi nilikuwa nawaza jambo moja tu: maneno yale yalisemwa dukani kwangu, na si mimi niliyeyasema.

Nikaingia ofisini kwa mhandisi bila kubisha. "Maneno haya umeyatoa wapi?"

Hakujifanya hajui. Alibonyeza kitu kwenye kompyuta. Niliona mistari inacheza, sauti sikuipata, naye akaona kwamba siipati. Akanipa vipokea sauti vikubwa, akaongeza mpaka mwisho. Nikajisikia mwenyewe, sauti nzito ya mzee mkaidi: "Rudia. Rudia, mke wangu, sijasikia." Na kwa mbali kabisa mtu anaomba kiberiti.

"Zote mia tatu ziko hivi?"

"Zote, mzee. Kila ulipobonyeza ilihifadhi sauti, siyo maandishi tu."

"Umejua tangu lini?"

"Tangu rekodi ya nne."

Nilikaa kwenye kiti ambacho sikukaribishwa. Akaniambia alinyamaza kwa sababu naye amesikia habari za stoo, na kwa sababu majibu yalikuwa sahihi, sahihi kupita ya mtaalamu yeyote aliyewahi kufanya naye kazi. Mafundi vijana walipolalamika kwamba ujumbe wa namba hauwaambii kitu, akaweka maneno ya mke wangu.

"Lakini nilikosea kunyamaza," akasema, na sasa hakuwa mpole. "King'ora kikilia siku moja usikisikie, nitamweleza nini mama huyo? Alhamisi mashine mpya ya kupigia chapa inawashwa. Kompyuta haijawahi kuisikia, hivyo meneja anataka uisikilize wewe mbele ya watu. Mwambie kabla hajakuona unapapasa. Usipomwambia wewe, nitamwambia mimi."

Nilimwambia hana adabu. Nikarudi kuomba radhi kabla sijafika kwenye ngazi, maana adabu alikuwa nayo, na haki pia.

Nyumbani nilimsimulia mke wangu kila kitu, nikiwa nimejiandaa kupigana na ushauri wake. Hakunishauri. Aliuliza tu Alhamisi saa ngapi, kisha akaenda kumwomba jirani amshikie duka.

Miaka thelathini na mmoja nimeingia lango lile, na yeye hajawahi kulivuka. Alhamisi saa nne, kwa ombi langu, mhandisi alikuwa amemwachia kitambulisho cha mgeni kwa mlinzi. Wakampa kofia ngumu iliyomwangukia machoni, akaisukuma nyuma akaingia kama anayekwenda kukagua shamba lake. Niliogopa, sifichi.

Mashine mpya ilikuwa imezungukwa na watu: meneja, mhandisi, mafundi wote wa zamu. Meneja akamwona mke wangu, akaniangalia mimi, akadhani ni mambo ya sherehe. "Karibu, mama," akasema. Mashine ikawashwa. "Haya, Sikio, tuambie."

Nikampa mke wangu bisibisi.

Mtu mmoja akacheka. Mke wangu aliweka ncha kwenye chuma na mpini sikioni, sawasawa na nilivyomwonyesha jana yake kwenye friji ya duka. Mimi nikalaza kiganja nyuma ya mashine, safari hii bila kujifanya naegemea. Midomo yake ikacheza. Sikupata hata neno.

Kuna neno moja ambalo ndani ya kiwanda kile sikuwahi kulitamka kwa miaka miwili. Nilikuwa nikitikisa kichwa, nacheka wengine wakicheka, nasema "sawasawa" kwa mambo nisiyoyajua, mradi tu nisilitamke.

"Rudia," nikasema. Uso wa meneja ukageuka. Nikapaza sauti ili pasiwe na shaka: "Rudia, mke wangu, sijasikia."

Akaleta mdomo sikioni kwangu. "Anasaga meno. Akishuka yuko sawa, akipanda ndipo anasaga."

Chini ya kiganja changu joto lilikuwa linakuja, upande wa juu tu. "Beringi ya nyuma, ya juu," nikamwambia meneja. "Wameikaza kupita kiasi. Izimeni."

Meneja alisita. Mashine mpya, oda za maduka mia mbili zinangoja, na anayemwambia azime ni mtu ambaye sasa hivi amemgundua kwamba hasikii. Mke wangu akamkaribia, akapaza sauti juu ya kelele.

"Baba, mimi ni mwenye duka. Nimebonyeza jana, mkaniahidi kesho. Kwa huyu anayesaga meno, kesho yangu siioni."

Ikazimwa. Wakafungua. Beringi ilikuwa ya moto haishikiki, na imeanza kubadilika rangi. Hakuna aliyepiga makofi. Walinitazama mimi, wakamtazama yeye.

"Sisikii, bosi," nikasema katika ule utulivu. "Mwaka wa pili huu. Nimekudanganya."

Aliitazama tena ile beringi. Kisha akasema Jumatatu niende kwa daktari, na kuanzia saa ile sikai penye mashine peke yangu. Stoo hakuitaja, wala hakuniahidi kwamba sitapelekwa. Akamgeukia mke wangu, akamuuliza kwa heshima kubwa, "Mama, utaweza kuja lini tena? Mashine hii haina rekodi hata moja." Akajibiwa kwamba watazungumza masharti kwanza, yeye si mtu wa kuja bure. Nilisikia wivu, na juu ya wivu nikasikia fahari, vyote katika kifua kimoja.

Tulitoka pamoja. Mlinzi alitaka arudishiwe kitambulisho cha mgeni, mke wangu akasema atakaa nacho, ana kazi nacho Jumatatu. Tukavuka lango. Barabarani palikuwa kimya, mashine ziko nyuma yetu, na kwa mara ya kwanza nilikuwa natembea kando yake bila kuikodolea macho midomo yake nijue anasema nini.

"Leo umenipendeza, mume wangu," akasema.

"Rudia," nikamwambia.

Nilikuwa nimesikia.