Heshima ya Mkwe Wangu

Kwa miaka mitatu nilijisifu Kitale nzima kwamba hakuna mama aliyejaliwa mkwe kama wangu. Sisi Wabukusu, mama mkwe na mkwe hawakaribiani. Hatushikani mikono, hatuli meza moja, hatutazamani usoni, na kitu hakitoki mkononi mwangu kikaingia mkononi mwake. Kinawekwa mahali kwanza, ndipo mwenzako akichukue. Vijana wa siku hizi wameziacha desturi hizo. Utaona jamaa anamkumbatia mama mkwe mbele ya kamera siku ya arusi, na mimi nageuza uso kwa aibu ambayo wao hawana.

Festus wangu hakuwa hivyo. Nikifika kwao Bungoma kumwona binti yangu Phelista, kabla sijavua viatu yeye ameshatoka kwa mlango wa nyuma. Nilisikia sauti yake tu kutoka nje: "Mama, mmefika salama?" Nami najibu, kwa kuwa jina lake silitaji, "Tumefika, Baba." Basi, haonekani tena mpaka niondoke.

Nikirudi Kitale nilimsimulia Gita mpaka akachoka. Gita ana duka la vitambaa mjini, na urafiki wetu ni wa tangu nilipomzalisha kifungua mimba wake. Yeye peke yake ndiye anayeweza kuniambia jambo baya nisinune zaidi ya siku mbili.

"Sister Sellah," aliniambia Alhamisi moja akinipimia kitambaa cha pazia, "hii Festus yako, siku hizi ako mnene ama mwembamba?"

"Nitajuaje? Mimi simtazami."

"Anakula vizuri?"

"Hatuli pamoja."

"Lakini ako na furaha?"

"Gita, si nimekwambia ni mtu wa heshima?"

Akaweka mkasi chini. "Basi wewe hujui kama ako mzima. Wewe unajua tu hayuko."

Nilichukua kitambaa changu nikaondoka bila kumaliza chai, na chai ya Gita si ya kuachwa. Nilikasirika kwa sababu nilikuwa nesi miaka thelathini na mmoja. Tisa ya mwisho nilikuwa wodi ya watu walioshikwa na pombe na dawa za kulevya, na kazi yangu Jumatano ilikuwa kukaa na jamaa zao na kuwafundisha dalili. Mtu akianza kujificha, niliwaambia, jiulizeni anaficha nini. Mtazameni akikosa hamu ya kula, akitafuna peremende kutwa nzima, akipandwa na hasira kwa swali dogo. Msikilizeni akiwa na sababu tayari kabla hamjauliza. Nilisema maneno hayo mpaka nikayasema usingizini.

Na sasa, nikipita sokoni na kitambaa kwapani, nikaanza kujikumbusha. Pasaka tulichinja mbuzi, na sahani ya Festus ilirudi jikoni kama ilivyotoka. Koti lake kwenye kiti lilinuka peremende kali. Sauti yake ilikuwa ikikwaruza tangu Desemba, na Phelista alikuwa na jibu kabla sijafungua mdomo: "Ni vumbi ya barabara, Mama." Vumbi gani, na mvua ilikuwa ikinyesha?

Tena huyu Festus alikuwa dereva wa gari la shule. Watoto ishirini na wanne kila asubuhi, wengine hata meno ya mbele hawajaota tena. Nilisimama ghafla kando ya mwanamke wa nyanya, akaniuliza kama nanunua au nazuia wateja.

Jumamosi nilifika Bungoma saa tatu asubuhi bila kupiga simu, jambo ambalo sijawahi kufanya. Phelista alikuwa ameenda soko la Myanga, nikaingia jikoni kumsubiri. Nilisikia mlango wa nyuma ukibamizwa na mtu mwenye haraka, kisha sauti nyuma ya jikoni.

"Mama, mmefika salama?"

"Nimefika, Baba. Niko jikoni. Mbona unahema?"

"Nilikuwa napasua kuni." Akasogea karibu na ukuta. "Mama, unaweza niwekea maji hapo kwa dirisha?"

Jikoni ya Phelista iko nje, ya mabati, na ina kidirisha kidogo cha kutolea moshi. Nilijaza kikombe nikakiweka pale, nikarudi nyuma hatua mbili kama inavyotakiwa. Kwa kawaida hapo mimi hugeuza uso. Siku hiyo sikugeuza, Mungu anisamehe.

Mkono ukaingia dirishani. Ulikuwa unatetemeka hata kabla haujagusa kikombe. Ulipokishika, maji yakaruka yakamwagikia jiko likafuka mvuke. Mkono wa pili ukaja kuusaidia wa kwanza, na yote miwili haikutosha. Kikombe kikaanguka ndani, miguuni kwangu.

"Pole, Mama. Ni baridi," akasema.

Nilikaa juu ya kigoda. Nimeona mikono ile mara nyingi sana, lakini ilikuwa mikono ya watoto wa watu wengine.

"Baba," nikasema nikiutazama ukuta, "asubuhi ukishakunywa kidogo, hiyo mikono inatulia?"

Nilisikia mabati yakilia, ameuegemea ukuta kwa nje.

"Mama, hayo ni maneno gani sasa?"

"Ni swali."

"Mimi si mlevi! Ati kwa sababu ya kikombe? Hakuna siku nimekosa kazi. Uliza mtu yeyote!"

"Festus!" Sijawahi kumwita kwa jina. Lilinitoka kwa hasira na likatushtua wote wawili. "Mimi nimekaa na waongo miaka tisa, wenye shahada na wasio na shahada. Usinifanye mjinga kwa jikoni ya mtoto wangu. Inatulia au haitulii?"

Kuku mmoja aliingia, akanitazama, akatoka. Nilidhani na Festus ameondoka pia. Halafu nikamsikia akivuta pumzi kama mtu anayebeba gunia.

"Inatulia," akasema.

Kisha akasema mengine. Ilianza na bia za Ijumaa na wenzake, ikawa ni kila jioni, halafu bia ikawa haifanyi kitu akahamia vile vichupa vidogo vya pombe kali vinavyoingia mfukoni. Mwaka jana alijiwekea sheria ya kutokunywa siku za kazi. Ilidumu wiki mbili. Sasa asipokunywa alfajiri anatapika, anatoka jasho, na hawezi kuingiza ufunguo kwenye gari. "Mimi nakunywanga ndio niweze kuendesha, Mama. Si kulewa. Ni niwe tu kama watu."

Nililia kimya kimya, nikajifuta na leso.

"Hakuna mwingine nimeambia," akaongeza. "Kama ungekuwa hapa mbele yangu nisingesema. Ni hii ukuta imenisaidia."

Kisha akaapa kwamba ameacha, leo hii, anaenda kumwaga vyote chooni. Nikaruka kutoka kwenye kigoda. "Hapana, Baba! Mwili uliozoea hivyo ukinyimwa ghafla unaweza kukuangusha kama mwenye kifafa, na ukafa. Huachi peke yako nyumbani. Unaacha hospitalini, na daktari yuko."

"Na Jumatatu? Watoto?"

"Jumatatu hushiki usukani. Hilo hatujadiliani. Mpigie mwenye shule wewe mwenyewe. Usipompigia, nitampigia mimi."

"Atanifuta kazi."

"Labda. Lakini utakuwa hujaua mtoto."

Kisha nikamsikia akizungumza kwenye simu, kwa Kiswahili cha adabu kabisa, akisema ni mgonjwa, ni pombe, anaenda kutibiwa. Alipomaliza, funguo za gari la shule zikawekwa dirishani. Zilitoa sauti nyingi kabla hazijatulia.

Phelista alitukuta hivyo, mama ndani, mume nje, funguo katikati. Alitua kikapu chake chini akajua yote bila kuambiwa. Nilitarajia alie. Badala yake alinigeukia.

"Mama, usimlaumu yeye peke yake. Ni mimi nilikuwa namwambia atoke ukikuja. Nilijua hutamsogelea. Nilijua utafurahi, utasema ako na heshima."

Maneno hayo yaliniuma kuliko yote ya siku ile, kwa kuwa ni kweli nilifurahi. Mtoto wangu alikuwa anabeba mzigo huo peke yake, na kila nilipokuja nilimsifia mume kwa kujificha. Nilimwomba msamaha pale pale, na sikumbuki mara nyingine niliyowahi kumwomba mtoto wangu msamaha. Hapo ndipo alipolia.

Nilimpigia Chepkemei, nesi niliyemfundisha kazi na ambaye sasa anasimamia wodi yangu ya zamani Kitale. Alisema, "Mlete leo leo, Sister." Jirani alitukodisha gari lake na yeye mwenyewe akaendesha. Festus akakaa mbele, mimi nyuma, Phelista kando yangu akinishika mkono mpaka ukafa ganzi.

Hospitalini Kitale, Phelista alipoenda kupanga foleni ya kadi, Chepkemei alituita sisi wawili. Benchi lilikuwa moja. Nilikaa mwisho huku nikitazama mlango, Festus akakaa mwisho ule akitazama ukuta. Chepkemei si Mbukusu, ni mtu wa Mlima Elgon, hakujua tunafanya nini, lakini hakuuliza.

"Mara ya mwisho kunywa ni lini?"

"Jana jioni," akasema Festus. "Kidogo tu."

Ulimi uliniwasha. Niliuuma. Hapo dawa inapimwa kwa jibu la mgonjwa, na uongo unaweza kumpeleka mtu kaburini, lakini nilijua pia kwamba nikimsemea mimi, atarudi kujificha nyuma yangu. Nilihesabu vigae vya sakafu mpaka kumi na saba.

"Futa hiyo," akasema. "Leo saa kumi na moja alfajiri. Na tena kwa choo, kabla tuondoke Bungoma. Andika zote mbili."

Chepkemei akaandika, na mimi nikapumua.

Festus alikaa wodini siku kumi, kisha akaendelea na mpango wa ushauri kila wiki. Mwenye shule hakumfuta. Alimweka stoo ya vitabu, na usukani hataugusa mpaka daktari aandike barua. Ananenepa, Phelista ananiambia, ingawa sasa ninaweza kujionea mwenyewe kidogo, kwa pembe ya jicho. Desturi sijaiacha. Nimeipunguza tu, na Mungu akiwa na shida na hilo tutaongea.

Mwezi wa nne tangu atoke wodini, saa nane mchana, simu yangu ililia nikiwa dukani kwa Gita. Ilikuwa namba ya Festus, ambaye hajawahi kunipigia maishani.

"Mama." Sauti ilikuwa nzito. "Niko Misikhu, nilikuja matanga ya rafiki. Nimekunywa. Glasi mbili. Ya tatu iko hapa mbele yangu."

"Phelista anajua?"

"Bado. Nimeanza na wewe."

Nilikaa juu ya marobota ya kitambaa. Nilitaka kulia kwa zile glasi mbili, na nilitaka kuimba kwa sababu nimeambiwa. Mtu aliyenificha chupa zote za miaka mitatu ananipigia simu kwa glasi mbili!

"Inuka hapo, Baba, uiache ilipo," nikasema. "Tafuta hoteli, agiza chai, unitumie jina lake. Tutampigia Phelista pamoja."

"Unakuja, Mama?"

Gita alikuwa ameshachukua mkoba wangu na ananisukuma nao mlangoni.

"Nakuja," nikamwambia.