Koti Lililotoka Majengo

Kwanza vilisikika vifungo vikigonga bati la mlango. Vilikuwa sita, na viligonga kwa zamu, kutoka juu kwenda chini, kisha vikanyamaza, kisha vikaanza tena. Kanini alidhani ni Munyi, soja wa lango, anayepitapita na funguo zake kuwaamsha wasichana wa zamu ya uji. Ilikuwa saa kumi na mbili asubuhi, na ukungu ulikuwa umeshuka juu ya Chuo cha Ufundi cha Ngimari hivi kwamba mtu akisimama bwenini hakuweza kuona hata vyoo.

Alifungua mlango. Nje palikuwa na koti la kike la rangi ya maruni, limesimama wima, bila mtu ndani.

Mikono yake ilining'inia. Vumbi jekundu lilikuwa limepanda kutoka kwenye pindo hadi usawa wa mifuko, na mgongoni kulikuwa na majani makavu ya mgomba, kama kitu kilichojipumzisha mahali. Kanini alilitambua kabla hajalishika. Alilishona mwenyewe kuanzia mwezi wa tatu, kwa wiki sita, kama kazi yake ya mradi wa mtihani wa taifa. Liliondoka siku moja na kazi za darasa zima, zikapelekwa kwa watahini Nairobi. Ndivyo walivyoambiwa. Sasa ulikuwa mwezi wa tisa.

Wanjugu, ambaye alilala naye chumba kimoja, aliinua kichwa kidogo kutoka kwenye blanketi.

"Kama inaingia, iingie," alisema. "Kama haiingii, funga mlango. Kuna baridi."

Koti likaingia. Kanini akalikung'uta majani, akalitundika kwenye msumari, akaenda kunywa uji.

Kanini alikuwa na miaka ishirini na sita, mkubwa kuliko wenzake wote darasani. Kabla ya chuo alikuwa amechuma kahawa kwenye mashamba ya watu kwa miaka saba, huko chini ya Karurumo. Alichohitaji kilikuwa kimoja: cheti. Karakana moja ya sare za shule mjini Embu ilikuwa imemwekea nafasi kuanzia mwezi wa kwanza, na mwenye karakana alimwambia wazi kwamba bila cheti atampa mtu mwingine. Mtihani ulikuwa mwezi wa kumi na moja.

Pale Ngimari palikuwa na desturi ambayo haikuwa kwenye silabasi. Nambari za watahiniwa zilibandikwa kwa karatasi, na karatasi hubanduka pasi ikipita. Kwa hiyo Madam Eunice, mwalimu wa ushonaji, aliwafundisha wanafunzi wake kuchagua kila mmoja uzi wa rangi yake na kuufunga mshono wa ndani wa kola kwa uzi huo, hatua saba za sindano, mahali ambapo mnunuzi hawezi kuona. Kanini alichagua kijani. Asubuhi ile Madam Eunice alifungua kola ya koti kwa ncha ya wembe, akaona kijani, akahesabu hadi saba.

"Ni yako," alisema kwa sauti ndogo. Kisha akaangalia mlango.

Katika mfuko wa kulia mlikuwa na vijiti vitatu vya miraa, vibichi bado, na kadi ya duka iliyoandikwa: Rahema, Nguo za Kina Mama, Majengo, Meru. Kanini hakuwa amewahi kufika Majengo. Madam Eunice aliisoma kadi mara mbili, akaiweka ndani ya daftari lake, na siku hiyo hakuitaja tena.

Mwiti, mtunza stoo, ndiye aliyelipeleka jambo hilo ofisini. Alikuwa na rejista, na katika rejista kila nguo ya mradi ilikuwa na alama ya kuonyesha imetumwa. Alieleza kwa utaratibu. Nguo iliyotumwa Nairobi iko Nairobi. Kama iko hapa, basi haikutumwa. Kama haikutumwa, mtu aliiiba kabla haijatumwa. Na mwizi ni yule aliyepatikana nayo. Mkuu wa chuo, Bwana Ndambiri, alimsikiliza hadi mwisho akasema hayo ni maneno ya mtu mwenye akili. Sanduku la Kanini likapekuliwa, na godoro lake likageuzwa. Walipata sindano, Biblia, na nusu mkate.

Munyi aliitwa kutoa ushahidi, akaja na kitabu cha wageni. Alisema koti lilifika langoni saa kumi na moja na nusu, likitokea upande wa barabara ya Chuka. Kwa kuwa wageni hawaruhusiwi kuingia kabla ya saa kumi na mbili, aliliambia lingoje, likangoja kwenye benchi. Halikuwa msumbufu. Muda ulipofika alilijazia kitabu, maana lenyewe halikuweza kushika kalamu. Alisoma kwa sauti: Jina, Koti. Anakotoka, Meru. Anayekuja kumwona, Kanini wa bweni B. Nambari ya kitambulisho, hana.

Mwiti alimuuliza tangu lini nguo ikawa mgeni. Munyi akajibu kwamba sheria ya lango inasema kila mgeni aandikwe, na haisemi mgeni ni nini. Bwana Ndambiri alimwambia aache kitabu hapo mezani, arudi kazini.

Kitabu kiliporudi langoni jioni, ukurasa ule haukuwepo.

Nguo nyingine zilianza kufika siku iliyofuata. Suruali ya Muchangi ilikuja peke yake, mguu mmoja mbele ya mwingine, na wenzake wakamuuliza amewahi kushona nini hasa kama hata shati halitaki kufuatana nayo. Likaja gauni la mtoto la kuvalia harusini. Zikaja blauzi mbili, zimeshikana mikono kwa sababu ya mvua. Kufikia Alhamisi zilikuwa kumi na moja, na kila moja ilikwenda moja kwa moja kwa aliyeishona, ikasimama mbele yake. Picha zilijaa kwenye kundi la WhatsApp la darasa. Hakuna aliyeandika chini ya picha hizo kwamba ni ajabu. Waliandika: hii ilikuwa Nairobi lini?

Lakini wengi nguo zao hazikuja, na hao ndio walioanza kutazama wengine kwa jicho la pembeni. Wengine walisema nguo zilizobaki ni zile zilizoshonwa vizuri, zikapata watu wa maana wa kuzivaa. Wengine walisema kinyume. Blauzi ya Wanjugu haikuja. Usiku wa Jumatano alilala ameelekeza uso ukutani, na asubuhi akamuuliza Kanini, bila kugeuka, kama kuna mtu huko kwao aliyempa dawa ya kuita nguo. Kanini akasema hakuna. Wanjugu akasema sawa. Tangu hapo alianza kufunga sanduku lake kwa kufuli, hata akienda tu kuoga.

Kamati ya nidhamu ilikaa Ijumaa, saa nne asubuhi, katika chumba cha walimu. Kanini alisimamishwa karibu na dirisha. Koti lilikuwa limewekwa kwenye kiti karibu na mlango. Bwana Ndambiri alisema kwa upole kwamba chuo hakitaki kumharibia mtu maisha, ila mwanafunzi aliyeiba mali ya mtihani hawezi kufanya mtihani huo. Kisha akamgeukia Madam Eunice, akamuuliza kama kuna alama yoyote ya kuthibitisha kwamba koti hili ndilo lile.

Madam Eunice alikuwa amefundisha Ngimari miaka minane kwa mkataba wa muhula mmoja mmoja. Kila mwisho wa muhula aliitwa ofisini kutia sahihi tena, na kila mara aliambiwa kazi ya kudumu iko njiani. Alikunja daftari lake.

"Nyuzi za kijani ni nyingi," alisema.

Kanini alimtazama. Madam Eunice alitazama meza.

Hapo ndipo Munyi alipobisha akasema kuna mgeni mwingine, na kwamba huyu ana kitambulisho. Aliingia mwanamke wa makamo, amevaa buibui, na mkononi ameshika mfuko wa plastiki mtupu. Aliwaamkia wote kwa Kiswahili ambacho hakuna mtu chumbani mle angeweza kukisema bila kufikiri. Akasema anaitwa Rahema, anauza nguo Majengo, na amefuata mali yake.

Hakuonyesha hasira. Alisema nguo zilianza kumtoka dukani Jumapili, moja moja, nyingine zikipitia mlangoni kama watu wenye adabu. Zilizokuwa dukani angeweza kuvumilia. Tatizo ni zilizokwisha kuuzwa.

"Hilo hapo," alisema, akionyesha koti kwa kidevu, "nilimuuzia mama mmoja mstaarabu. Akalivaa kwenda kwenye posa ya mpwa wake, huko Kinoru. Watu wako kwenye wali, koti likainuka likatoka, na yeye yumo ndani. Vifungo havikufunguka mpaka walipofika mji wa Nkubu. Mama wa watu amekuja kwangu na viatu mkononi."

Mwiti alikohoa. Alimuuliza, kwa sauti ya mtu anayejaza fomu, nguo hizo alizipata wapi.

"Kwa huyu mzee," Rahema alisema. "Kila muhula ukiisha hunijia na gari la chuo. Aliniambia mkewe ana vyerehani kumi nyumbani. Mimi nikasema huyo mke ana mikono mingi, kila nguo na mkono wake. Lakini sikuuliza. Biashara ni biashara."

Alikuwa amemwelekezea kidole Bwana Ndambiri, naye hakujaribu kuangalia nyuma kana kwamba kuna mtu mwingine. Alirekebisha tai. Nje mtu alikuwa akisaga chuma katika karakana ya kuchomelea, na wote walisubiri mlio huo uishe.

Mwalimu aliyekuwa akiandika kumbukumbu aliuliza kama hilo la mgeni liandikwe.

"Andika mgeni alitoa salamu," Bwana Ndambiri alisema.

Ikaandikwa hivyo. Kamati iliamua mambo manne. Nguo zote kumi na moja zirudishwe kwa mnunuzi halali. Zifungwe kwa kamba ya katani. Wanafunzi waonywe dhidi ya kuzizoea nguo wanapozishona. Na Kanini aruhusiwe kufanya mtihani, kwa huruma ya chuo, mradi atie sahihi karatasi inayosema koti lile si lake na hajawahi kulishona, kisha afanye mradi mpya katika wiki tano.

Karatasi ilikuwa imekwisha kuchapwa. Kanini aliisoma yote, hata tarehe. Aliona kwamba ilikuwa ya Jumanne.

Alifikiria karakana ya Embu. Alifikiria kahawa mwezi wa sita, vidole vikiwa vimekufa ganzi kwa umande. Akatia sahihi. Koti lilikuwa palepale kitini, umbali wa hatua tatu, na halikufanya kitu.

Rahema alipokwisha kulichukua alisimama kidogo mbele ya Kanini, akautazama mshono wa bega la koti, akaupitishia kidole gumba.

"Mwanangu, una mkono," alimwambia. "Ila mimi nimeshauza."

Gari la chuo liliondoka saa sita, nguo zikiwa zimefungwa juu ya paa, Mwiti akiwa ndani pamoja na Rahema. Mikono ya nguo ilipeperuka kuelekea nyuma, upande wa chuo, lakini hata upepo ulikuwa ukienda upande huo, kwa hiyo hakuna aliyeweza kusema lolote kwa uhakika. Muchangi alikimbia nyuma ya gari hadi langoni, kisha akarudi akitembea, akisema alikuwa akifanya mazoezi tu. Madam Eunice alifundisha somo la mchana kama kawaida. Lilihusu bitana. Wiki hiyo hiyo, kabla ya muhula kuisha, aliitwa ofisini, akatia sahihi mkataba wa muhula mwingine.

Jumatatu Bwana Ndambiri alimwita Kanini. Alimkaribisha kiti, akamwagizia chai ya maziwa, akamwambia hana kinyongo naye, yeye ni kama mzazi. Mahafali yatakuwa mwezi wa kumi na mbili. Watakuja wageni wa kaunti, na mkuu wa chuo hawezi kusimama mbele yao na suti ya zamani. Kitambaa anacho tayari, cha buluu nzito. Je, mradi mpya wa Kanini usiwe suti hiyo? Watahini wataiona hapahapa, haitahitaji kutumwa popote, na cheti hakitakuwa na shida.

"Wewe ndiye fundi wa hii chuo," alisema. "Mimi naona. Ile mambo mingine, tuwachane nayo."

Kanini alishukuru kwa chai. Alitoa tepu shingoni, naye Bwana Ndambiri akasimama katikati ya ofisi, akafungua mikono kama mtu anayebariki. Kanini alipima kifua. Alipima kiuno, akaandika. Alipima mabega, kisha mkono kutoka begani hadi kifundo, mara mbili, kwa uangalifu kuliko alivyowahi kumpima mtu yeyote. Alipima paja, goti, na urefu wa mguu hadi kisigino. Bwana Ndambiri alikuwa akimfuata kwa macho. Kila tepu ilipomzunguka alivuta pumzi kidogo.

Alipokuwa akikunja tepu, mkuu wa chuo alienda akafunga mlango. Sauti yake ikashuka.

"Kanini, msichana yangu. Hiyo suti yangu nayo. Haitaamka siku moja inikimbie, watu wakitazama?"

"Unaogopa itakuacha, mwalimu?"

"Niambie tu ukweli. Niahidi."

Kanini aliweka daftari la vipimo kwapani, akamtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa.

"Haitakuacha," alisema. "Nakuahidi, mwalimu. Popote itakapokwenda, mtaenda pamoja."