Ivy wa Wamagana

Murugi alikuwa anakata majani ya ng'ombe nyuma ya kahawa alipowaona wakishuka njia ya kwao. Mbele alikuwa Ngatia, naibu wa chifu, amevaa kofia yake ya kazi ingawa ilikuwa Jumamosi. Nyuma yake pasta. Nyuma ya pasta akina mama wa kanisa wakiongozwa na Mama Wachuka, kila mmoja na kiondo, na ndani ya viondo sukari, mkate na majani ya chai. Mtu yeyote aliyelelewa Wamagana anajua kwamba akina mama wakija kwako asubuhi na sukari bila kualikwa, kuna aliyekufa. Murugi alikimbia nyumbani panga likiwa bado mkononi.

Na nyumbani kulikuwa na nani wa kufa? Walikuwa wawili tu, yeye na baba yake, Mzee Hezekiah Gikonyo. Mama walimzika mwaka juzi. Alimkuta baba amesimama imara kando ya zizi, anampa ndama maziwa. Kama baba ni mzima, basi hawa watu wamekuja kwa ajili yake yeye.

Hebu niwaambie mambo yalivyoharibika. Murugi alikuwa amerudi kutoka chuo kule mjini Nyeri, na hakuna aliyemfukuza. Ilifika tu mahali akawa hawezi kutoka kitandani kwenda darasani. Akamwambia baba yake chuo kimefungwa, na mzee hakuuliza neno. Huyo ni mtu wa kumwuliza ng'ombe amelalaje, lakini si mtoto wake.

Basi Murugi akatafuta wa kuongea naye kwenye simu. Akapata watu wa ushauri wa mtandaoni, wale wa kuandikiana tu na vijana, hamjuani wala hamuonani. Akajiita Ivy. Aliyemjibu aliitwa Kinya, mshauri aliyekuwa Meru mjini, na Kinya huyu hakumhubiria wala hakumwambia kuna wenye shida kumshinda. Alimwuliza, "Leo umekula?" Siku nyingine hilo tu ndilo lililomfanya Murugi aamke akachemshe viazi. Kinya alikuwa ndiye mtu wake wa pekee, na Murugi aliapa jambo moja: baba asijue kamwe, na hata kwa Kinya hakuwahi kumtaja. Mzee wa kanisa, na msichana wake awe na ugonjwa wa kichwa? Angesimamaje mbele ya watu Jumapili?

Asubuhi hiyo alikuwa ameandika, "Nimechoka na hii maisha. Sioni kama nitafika jioni." Akatuma, na simu ikazima. Stima ilikuwa imepotea tangu jana yake, na simu haikuwa na chaji. Akakaa pale kitandani akilia, kisha ng'ombe akaanza kulia pia kwa njaa, akachukua panga akaenda kukata majani. Ng'ombe hana habari na moyo wa mtu.

Kinya naye angejuaje mambo ya stima? Aliandika, akaandika tena, akapiga, kimya. Na kazi yao inasema wazi: mtu akisema maneno kama hayo kisha akanyamaza, tafuta watu walio karibu naye. Alichojua ni namba ya simu na Wamagana, basi. Akafanya kile ambacho kila Mkenya hufanya akitaka kujua namba ni ya nani. Aliingiza namba kama anayetaka kutuma pesa, na jina likatokea: Hezekiah Gikonyo.

Lo! Murugi alipata laini hiyo akiwa bado msichana wa sekondari, hana kitambulisho, na baba yake akaisajili kwa chake. Nusu ya vijana wa Wamagana wanaongea na laini za baba zao. Kinya, aliyekulia kijijini kama hapa, angepaswa kukumbuka, lakini moyo ukiwa juu nani anakumbuka? Akaona kumbe Ivy ni mwanaume mzima anayejificha nyuma ya jina la msichana. Akatafuta namba ya ofisi ya chifu wa Wamagana, akampata Ngatia, akamsihi atume mtu mmoja, polepole, bila kelele. Ngatia akamwambia pasta. Pasta akamwambia Mama Wachuka, na ukishamwambia Mama Wachuka huna haja ya kumwambia mtu mwingine yeyote.

Wakaingia uani. Kabla ya salamu kwisha Mama Wachuka alikuwa ameshakusanya mashoka, majembe na kisu cha jikoni, akamnyang'anya Murugi panga, vyote akavirundika nje ya lango. "Pole, Murugi," akamnong'oneza. "Shikilia Mungu. Tutamsaidia baba yako."

Murugi hakuelewa. Baba yake?

"Mzee wetu, tumekuja kwa upendo," pasta akaanza.

"Nani amekufa?" akauliza Hezekiah.

"Hakuna mtu amekufa, na hatutaki mtu akufe," akasema Ngatia. "Umeandikia watu wa ushauri ati umechoka na maisha."

"Mimi?"

"Jina ni yako, mzee. Na namba ndiyo hii." Ngatia akaisoma kwa sauti, tarakimu moja baada ya nyingine, kama anaita watu wa chakula cha msaada.

Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Namba hiyo aliijua vizuri. Ndiyo aliyokuwa akiitumia kredo ya kupigia simu miaka yote Murugi alipokuwa shuleni. Macho yake yakamwacha Ngatia, yakapita juu ya akina mama, yakamkuta binti yake mlangoni pa jikoni. Murugi akatikisa kichwa, akimwomba asiseme.

Hezekiah akavua kofia. "Ni mimi," akasema.

Akina mama wakashika vifua. "Uuui! Mzee wa kanisa!" Pasta akaanza kukemea shetani, na mmoja wa akina mama akaanza wimbo, Mama Wachuka akamfinya anyamaze ili wasikose kusikia. Murugi alihisi kama mtu aliyetuliwa gunia mgongoni. Baba amemficha! Halafu papo hapo akamwona amesimama pale kichwa wazi, watu wanamwangalia kama mgonjwa, na furaha yote ikamwisha.

"Tangu lini, mzee?" akauliza Ngatia.

"Tangu mama ya watoto aende." Sauti ilikuwa ndogo. "Natoka asubuhi nikamue. Nikifika hapa, nasahau kwa nini nimebeba ndoo. Nasimama tu. Siku ingine ng'ombe ndiye ananiita. Kanisani nashika kitabu ya nyimbo na siimbi, nafungua mdomo tu ndio watu waone ni kama naimba."

Murugi alimkodolea macho. Maneno hayo hakuwahi kumwandikia Kinya. Hayakuwa ya Ivy hata kidogo, na mzee huyu hakuwa na kipaji cha kutunga uongo. Tangu arudi kutoka chuo walikuwa wakila meza moja, kila mtu akimwogopa mwenzake.

Simu ya Ngatia ikalia. Alikuwa Kinya. Ngatia akaiweka sauti kubwa, akampa mzee.

"Halo?" Sauti ya Kinya ikasikika uani pote. "Ni wewe Ivy?"

Hezekiah Gikonyo, mzee wa kanisa, akamtazama Ngatia, akamtazama pasta. Jina hilo hakuwahi kulisikia maishani mwake. "Ndiyo, madam," akasema. "Ni mimi Ivy."

Kuna aliyecheka nyuma. Mzee akainamisha kichwa, akashika simu kwa mikono miwili.

"Pole kwa kuwatuma watu," Kinya akasema polepole, kama mtu aliyeanza kushuku kitu. "Niambie tu, hapo ulipo, uko na mtu unayemwamini?"

"Niko na msichana wangu," akasema mzee. "Lakini yeye ako sawa. Huyo msimsumbue."

Murugi angeweza kukaa pale pale mlangoni. Wiki moja Wamagana ingemcheka mzee, wiki ya pili ingepata jambo lingine, na yeye angebaki na siri yake na kitanda chake. Alilijua hilo vizuri kabisa. Akatoka jikoni, akapita katikati ya akina mama, akasimama bega kwa bega na baba yake.

"Madam Kinya, Ivy ni mimi," akasema, na hakujali tena nani anasikia. "Lakini usikate simu. Baba pia anahitaji kuongea na wewe."