Saba ya Kopa ya Meza ya Tatu

Alhamisi saa tisa alasiri fundi cherehani alifunga duka, akatoa pini mdomoni, akaenda ukumbi wa chama cha briji, mchezo wa karata wa wawili wawili, kusikiliza kanuni mpya. Alikaa meza ya tatu, palepale pake, mbele ya saba ya kopa.

Saba hiyo ilikuwa imelala wazi mezani mwaka wa tisa sasa. Ilimponyoka wifi yake, mwenzake wa kucheza, kwenye fainali, alipopiga chafya. Mwenyekiti, ambaye naye alikuwa mchezaji wa fainali hiyohiyo, meza ya pili, aliinuka akaamua: karata ikianguka imechezwa, hakuna mjadala. Na kwa kuwa katika mchezo wao kila meza hucheza karata zilezile, kosa moja tu linatosha kukukosesha ushindi. Mwenyekiti na mkewe wakabeba kombe. Karata zilipokusanywa, saba ikagoma kubanduka. Walijaribu kisu, wakajaribu maji ya moto, wakamwita na seremala. Wapi! Mwaka uliofuata wifi akafariki. Wanachama wakazoea kuipangusa vumbi na kuweka vikombe vya chai pembeni yake.

Mwenyekiti alikohoa, akasoma: "Karata iliyoponyoka kwa bahati mbaya itarudi mkononi mwa mwenyewe, na mchezo utaendelea."

Saba ikajibandua. Ilielea taratibu mpaka kiti cha upande wa pili, na wifi, ambaye alikuwa ameshakaa, akaipokea. Alivaa gauni la kijani ambalo fundi hakuwahi kulimaliza pindo.

"Umechelewa, wifi," fundi alisema.

"Ningekujaje kabla ya kanuni?"

Karani wa chama akafungua kabati, akatoa karata za siku ile, zilizokuwa zimekaa bure kwa kupungukiwa moja. Kinyozi na mkwewe, wapinzani walewale, wakasogeza viti. Mchezo ukaendelea pale saba ilipoangukia. Wifi alicheza kwa madaha, akiimba puani kama kawaida yake, na saba ya kopa akaitoa mwisho kabisa, ikala.

Karani alijumlisha mara mbili. "Kwa alama hizi," alisema, akiwaelekezea kalamu fundi na wifi yake, "kombe lilikuwa lao."

Mwenyekiti alitazama kombe, akamtazama mkewe. "Kanuni zinaanza leo. Hazirudi nyuma."

"Mbona wifi yangu amerudi?" fundi aliuliza.

"Yeye si kanuni."

Hoja ya mwenyekiti ikapigiwa kura, ikapita. Fundi akaanza kubisha. Hakutaka chuma kile. Alitaka jina la wifi yake lichorwe mahali, watu walisome.

"Nyamaza, mwaya," wifi alisema, akichanganya karata. "Alhamisi ijayo njoo na sindano, unimalizie pindo hili. Miaka minane naonekana mvivu mbele za watu."

Alhamisi ikafika. Fundi alipiga magoti, akashona pindo, wifi akimsimanga kwamba ameanza kuona vibaya. Wakacheka mpaka kinyozi akawaomba watulie. Kisha fundi akakumbuka kuwa ni zamu yake kusugua kombe. Akalitoa kabatini, akatemea kitambaa mate, akasugua.

"Vizuri, wifi," alisema marehemu, akigawa karata. "Jina la mwenyekiti lisomeke."

Fundi alisugua mpaka likasomeka kutoka mlangoni. Akalirudisha kabatini, akanawa mikono, akaokota karata zake.